Seli shina na ugonjwa wa Crohn: kabla hujauliza bei

Pita barabara yoyote ya Dar es Salaam, Mbagala hadi Tegeta, nguzo za umeme zimebandikwa matangazo yaleyale: bawasiri, vidonda vya tumbo, tezi dume, nguvu za kiume, na namba ya simu. Siku hizi kuna la ziada, "seli shina". Zinauzwa kwa kopo, vidonge au unga wa kukoroga, na muuzaji ana maelezo tayari: zinakwenda zenyewe palipoharibika na kuota utumbo mpya. Mtu mwenye Crohn, ugonjwa sugu wa vidonda vya utumbo, aliyeharisha miaka mitatu, nguo zinamvuka kwa kukonda na usaha unamvuja karibu na njia ya haja kubwa, huwezi kumlaumu akisikiliza.

Tulimalize la kopo kwanza. Seli shina ni seli hai, changa, zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine. Za hospitalini ama zinagandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, ama zinasafirishwa kwa uangalizi na kutumika ndani ya siku mbili tatu. Iliyokaushwa ikawa unga imekufa, na ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya mshikaki. Kama imetoka kwenye tofaa au zabibu, hata ingekuwa hai isingekuwa na kazi kwenye utumbo wa mtu. Kopo limeishia hapo.

Mazungumzo ya maana ni kuhusu seli zilizojaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn na matokeo yake yakahesabiwa. Zipo njia mbili, na zaidi ya jina hazina undugu. Moja ni ya utumbo ulioshindikana kwa kila dawa. Nyingine ni ya kitundu cha usaha tu. Ukizichanganya, unaweza kusafiri maelfu ya kilomita kufuata tiba ya ugonjwa ambao si wako.

Crohn ni jina la Burrill Crohn, daktari wa New York, ambaye mwaka 1932 pamoja na Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer alieleza wagonjwa 14 wenye uvimbe na makovu mwishoni mwa utumbo mwembamba. Mwisho huo unaitwa ileamu, chini kulia mwa tumbo, unapoungana na utumbo mpana. Ndipo ugonjwa unapopenda kukaa, ingawa unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Unaruka: kipande kinaumwa, kinachofuata kizima, kinachofuata tena kinaumwa. Halafu unachimba. Vidonda havibaki juujuu, vinapenya ukuta mzima wa utumbo. Ukuta ukipona kwa kovu, utumbo unabana na chakula kinakwama. Ukitoboka polepole, usaha unajitafutia njia hadi kwenye kibofu, utumbo wa jirani au ngozi ya makalio. Njia hiyo ndiyo fistula. (Kwetu neno hilo likitajwa, kila mtu anamfikiria mama aliyeumia wakati wa kujifungua. Hii ni nyingine, inawapata wanaume na wanawake, na haitibiwi kama ile.)

Chanzo chake ni kinga ya mwili kupigana na bakteria wa kawaida wa utumbo kana kwamba wamevamia. Urithi una mchango wake. Jeni ya NOD2, iliyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 2001, ndiyo inayojulikana zaidi. Sigara inauzidisha. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka la dawa muhimu linatoa bila kuuliza, zinaweza kuuamsha ukiwa umelala. Ukiumwa mgongo, chukua parasetamoli.

Sasa njoo kwenye foleni ya hospitali zetu. Mgonjwa wa Crohn haanzii kwa daktari bingwa wa mfumo wa chakula. Zahanati ya kwanza inampa taifodi, kwa kipimo cha Widal ambacho kinaweza kusoma chanya kwa mtu asiye na taifodi kabisa. Ya pili inampa amiba na Flagyl. Mtego uko hapo, na unawanasa hata madaktari wazuri: metronidazoli, ambayo ndiyo Flagyl yenyewe, pamoja na siprofloksasini aliyopewa kwa ajili ya taifodi, kweli zinapunguza usaha na maumivu ya Crohn ya njia ya haja kubwa. Anapata nafuu wiki tatu. Aliyeandika dawa anaamini alipatia. Vidonge vikiisha, usaha unarudi. Nafuu ya Flagyl haithibitishi amiba, na mtu aliyemaliza dozi nne kwa mwaka mmoja anahitaji kolonoskopi, yaani kamera ya kuangalia ndani ya utumbo mpana, si dozi ya tano.

Wa kuogopwa zaidi ni kifua kikuu cha utumbo. Nacho kinapenda ileamu, palepale. Nacho kinakondesha, kinaleta homa za jioni, kinabana utumbo. Ndani ya kamera vidonda vya TB mara nyingi vinauzunguka utumbo kama pete, na mlango kati ya utumbo mwembamba na mpana unabaki umeachama. Vya Crohn vinapenda kwenda kwa urefu. Lakini jicho peke yake linakosea. Daktari anatakiwa kuchukua vinyama kadhaa, kwenye kingo za kidonda na kwenye sehemu inayoonekana nzima pia, vingine viende kwa mtaalamu wa hadubini na vingine kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB. Vinundu vya TB huwa vikubwa, katikati vimeoza kama jibini. Vya Crohn ni vidogo na havijaoza. GeneXpert ikisema hakuna TB haijaifuta TB, kwa sababu kwenye utumbo vimelea huwa wachache. Ongeza picha ya kifua na kipimo cha VVU.

Ikishindikana kuamua, nchi zenye TB nyingi zina desturi ya kuanza dawa za TB na kurudia kolonoskopi baada ya miezi miwili hadi mitatu. Kinachoangaliwa ni vidonda kufunga. Mgonjwa kusema anajisikia vizuri hakutoshi, kwa sababu rifampisini na wenzake wanaweza kumpa nafuu ya muda hata mwenye Crohn. Njia hii ina gharama yake, maana miezi hiyo utumbo wa mwenye Crohn unaendelea kujikunja kwa makovu. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Infliksimabu, dawa kubwa ya Crohn tangu iliporuhusiwa Marekani mwaka 1998, inazuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, na TNF hiyo ndiyo inayoshikilia ukuta unaoifungia TB mwilini. Ukiuondoa ukuta huo kwa mtu mwenye TB iliyolala, inasambaa. Homa ya ini B inapimwa kabla kwa sababu inayofanana na hiyo.

Minyoo ya strongiloidi nayo haipewi nafasi inayostahili. Iko kimya kwenye utumbo kwa miaka, na steroidi, yaani dawa za kushusha kinga na uvimbe kama prednisoloni, zikiingia inaweza kuzaana na kuenea hadi kwenye mapafu. Daktari anayempa mkazi wa pwani yetu prednisoloni ya wiki nyingi bila kuiwazia anacheza bahati nasibu. Ivermektini mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito ni bei ndogo ukilinganisha. Na amiba ya kweli ikipewa steroidi inaweza kuutoboa utumbo mpana, kwa hiyo choo kinapimwa kabla, si baada.

Prednisoloni yenyewe huanza miligramu 40 kwa siku, kisha inashushwa miligramu 5 kila wiki hadi iishe, kama wiki nane. Ni ya kuzima moto, haiilindi nyumba. Anayejinunulia mwenyewe "ile ndogo nyeupe" kila tumbo linapouma ataishia na uso wa mviringo, sukari na mifupa dhaifu, huku Crohn ikiendelea chini kwa chini. Ya kulinda ni azathioprini, miligramu 2 hadi 2.5 kwa kilo, ambayo huchukua karibu miezi mitatu kufanya kazi na inadai kipimo cha hesabu ya chembe za damu, mara kwa mara mwanzoni, kwa sababu inaweza kuziangusha chembe nyeupe. Infliksimabu ni dripu ya miligramu 5 kwa kilo: siku ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya sita, halafu kila wiki nane. Adalimumabu ni sindano ya chini ya ngozi: miligramu 160, baada ya wiki mbili 80, kisha 40 kila wiki mbili.

Adalimumabu inaharibikia safarini kuliko watu wanavyofikiri. Inataka nyuzi 2 hadi 8. Nje ya friji aina nyingi zinaruhusu hadi siku 14, mradi joto lisizidi nyuzi 25, na chumba cha Dar mwezi Februari hakishuki hadi 25 hata alfajiri. Kwa hiyo kutoka famasi hadi Gongo la Mboto inakaa kwenye kibegi chenye pakiti za barafu, ikiwa imeviringishwa taulo ndogo isiguse barafu. Ikigusa inaganda, na iliyoganda imeharibika hata kama ikiyeyuka inaonekana safi. Nyumbani iweke rafu ya katikati, mbali na mlango na mbali na kigandishio. Umeme ukikatika, usifungue friji kuangalia kama bado ni ya baridi.

Kuna kisu pia, na hapa Dar kinaogopwa kupita kiasi. Ugonjwa ukiwa umeshika sehemu fupi tu ya ileamu, kukata kipande hicho mapema ni chaguo la heshima. Jaribio la LIR!C lililoongozwa kutoka Uholanzi liliwalinganisha waliokatwa kwa matundu madogo na waliopewa infliksimabu, wagonjwa 143, ugonjwa usiozidi sentimita 40. Baada ya mwaka mmoja hali ya maisha yao ilikaribiana. Walipofuatiliwa kwa muda mrefu, karibu nusu ya waliopewa infliksimabu walikuwa wamekatwa vilevile, na hakuna aliyekatwa mwanzoni aliyehitaji kukatwa tena. Kwa mtu ambaye dripu ya kila wiki nane itamfilisi, hiyo ni habari kubwa. Akikatwa zaidi ya kama sentimita 20 za mwisho wa ileamu, atahitaji sindano za vitamini B12, kwa kuwa hufyonzwa hapo.

Sasa seli zenyewe.

Njia ya kwanza ni ya seli za uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, wa mgonjwa mwenyewe. Wazo lilitokana na wagonjwa wa Crohn waliopandikizwa uloto kwa sababu ya saratani, ikaonekana matumbo yao yametulia. Hatua zake ni hizi. Mgonjwa anapewa siklofosfamidi, dawa ya saratani, kisha sindano za filgrastimu kila siku, ili seli za uloto zitoke mifupani ziingie kwenye damu. Damu inapitishwa kwenye mashine inayozichuja, angalau milioni 2 kwa kila kilo ya uzito, na zinagandishwa. Baadaye anarudi wodini kwa kazi yenyewe: katika jaribio la ASTIC ilikuwa siklofosfamidi miligramu 50 kwa kilo kwa siku nne, pamoja na kingamwili za sungura zinazoua chembe za kinga. Kinga yake inafutwa. Halafu seli zake zinarudishwa kwa dripu kama chupa ya damu, na anakaa wiki mbili hivi bila chembe nyeupe za kutosha, chumba cha peke yake, homa yoyote ni dharura.

Soma tena hatua hizo, utaona kitu ambacho matangazo hayasemi. Seli shina hazikuitibu Crohn. Kilichopigana na Crohn ni dawa iliyoifuta kinga. Seli zilirudishwa ili asife kwa dawa hiyo. Ni boya, si dawa.

Hata hivyo boya halikutosha. ASTIC, iliyochapishwa mwaka 2015, ilikuwa na wagonjwa 45: 23 walipandikizwa mara moja, 22 wakaendelea na tiba ya kawaida. Kigezo kilikuwa kikali, yaani mwaka mzima baadaye asiwe na dalili, asiwe na dawa kwa miezi mitatu, na utumbo usionyeshe ugonjwa. Waliofikia ni wawili kati ya waliopandikizwa na mmoja kati ya wa tiba ya kawaida. Madhara makubwa yalikuwa 76 kwa 38, na mgonjwa mmoja aliyepandikizwa alifariki. Jaribio lililofuata, ASTIClite, lilipunguza dozi za dawa likitumaini usalama. Likasimamishwa katikati baada ya wagonjwa kupata madhara yasiyotarajiwa, yakiwemo figo kushindwa, na mmoja alifariki. Baadhi vidonda vyao vilifunga, watatu kati ya saba waliofikia kupimwa, na hakuna hata mmoja upande wa tiba ya kawaida. Nguvu ipo. Bei yake mwilini ndiyo haijapatiwa jibu.

Kwetu upandikizaji uloto si ndoto tena. Muhimbili ilianza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Kwa hiyo swali "kwa nini wasitupandikize na sisi wa Crohn?" ni halali. Jibu ni kwamba mashine ipo lakini hesabu haijakaa upande wa mgonjwa. Myeloma, saratani ya uloto, na selimundu kali zina uzito wao kwenye mizani. Crohn ambayo bado haijajaribiwa hata dripu moja ya infliksimabu haina uzito huo.

Njia ya pili ni nyepesi zaidi kwa mwili, na ndiyo iliyowahi kufika sokoni. Inatumia seli za mesenkaima kutoka mafuta ya mwili ya mtu mwingine mzima wa afya, zikakuzwa maabara. Hazigeuki kuwa utumbo. Zinatoa ishara za kuipoza kinga iliyozizunguka, kisha zinatoweka. Dawa iliitwa Alofisel, kwa ajili ya fistula ngumu za njia ya haja kubwa, na ilipata kibali cha Ulaya mwaka 2018. Dozi ilikuwa seli milioni 120 ndani ya vichupa vinne. Haikutakiwa kuingia kwenye friji wala kugandishwa. Ilitunzwa nyuzi 15 hadi 25 na muda wake ulihesabiwa kwa saa.

Ilichomwa hivi. Wiki mbili au tatu kabla, mgonjwa analazwa nusu kaputi, daktari anachunguza njia zote za usaha, anazikwangua, anapitisha uzi laini uitwao setoni ili usaha uendelee kutoka na jipu lisijifungie. Siku ya seli uzi unatolewa, njia inakwanguliwa tena, tundu la ndani linashonwa. Vichupa viwili vinachomwa kuzunguka tundu hilo, viwili vingine kwenye kuta za njia, kidogo kidogo.

Jaribio la kwanza, ADMIRE-CD, wagonjwa 212, lilileta furaha: baada ya wiki 24, asilimia 50 ya waliopata seli fistula zao zilikuwa zimefunga, dhidi ya 34 ya waliochomwa maji ya chumvi. La pili lilikuwa kubwa zaidi, wagonjwa 568. Asilimia 48.8 dhidi ya 46.3. Hakuna tofauti. Desemba 2024 Alofisel iliondolewa kwenye soko la Ulaya.

Wengi wameisoma habari hiyo kama kifo cha tumaini. Mimi naisoma upande wa pili. Tazama ile 46.3. Hao hawakupata seli hata moja, na karibu nusu yao fistula zilifunga. Walipata nini? Walichunguzwa kwa MRI, usaha ukatolewa wote, njia zikakwanguliwa, setoni ikapitishwa, tundu la ndani likashonwa, na wengi waliendelea na dawa zao za Crohn. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji maabara ya kukuzia seli. MRI ya nyonga inapigwa Dar es Salaam. Setoni ni uzi wa silikoni au raba. Kinachopungua ni mpangilio: picha itangulie kisu, daktari wa upasuaji na wa mfumo wa chakula waongee kuhusu mgonjwa yuleyule, na dawa ya kutuliza Crohn ianze jipu likishakauka, si likiwa bado limejaa.

Na kinachoharibu ni haraka. Fistula ya kawaida ya njia ya haja kubwa hupasuliwa ikaachwa wazi ipone. Ya Crohn ikipasuliwa hivyo, njia yake ikiwa imepita kwenye misuli inayozuia haja, misuli inakatwa, kidonda hakiponi, na mgonjwa anaanza kuvuja kinyesi. Dawa za kuchoma za "bawasiri" zinazopakwa mtaani zinafanya uharibifu wa namna hiyo bila hata nusu kaputi. Mwenye kitundu kinachotoa usaha na historia ya kuharisha na kukonda aseme yote mawili kwa pumzi moja mbele ya daktari, kwa sababu wengi wanaona aibu ya kimoja na kukitaja kingine tu.

Setoni ikishawekwa, inaweza kukaa miezi. Usaha kidogo kila siku ndiyo kazi yake. Kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi, mara mbili au tatu kwa siku na baada ya haja. Bila Dettol, bila majani ya kuchemsha. Kausha kwa kugusisha kitambaa laini, usisugue. Uzi ukizunguka ni sawa, usiuvute wala kuukata unaponing'inia. Usaha ukikoma ghafla halafu pakaanza kudunda, au homa ikapanda, rudi hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Bado wapo wanaopigiwa simu na mawakala wa kliniki za nje. Kama ni wewe, waombe kwa maandishi: seli ni za uloto wangu au za mesenkaima za mtu mwingine? Ni kwa ajili ya utumbo au ya fistula? Ngapi, na zinachomwa wapi? Dripu ya mkononi kwa ajili ya fistula ya makalioni ni jibu tosha kwamba ufunge simu. Wakisema ni jaribio, limesajiliwa wapi, na namba yake ni ipi? Likifanyika Tanzania lazima liwe na kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA si kibali cha tiba. Nani ameangalia MRI yangu na majibu ya kinyama changu kabla ya kusema nafaa? Nikipata homa wiki ya tatu nikiwa nimesharudi Kimara, nampigia nani? Halafu bei: jaribio linaloendeshwa ipasavyo halimuuzii mgonjwa seli zinazojaribiwa.